Video Inasema Nimemfukuza Dada Yangu… na Sauti ni Yangu!

"Wewe ni binadamu kweli, au ulizaliwa na sisi kwa bahati mbaya?"

Hiyo ndiyo salamu niliyopokea kwenye simu. Kutoka kwa mdogo wangu wa kiume. Tumbo moja, ziwa moja!

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi. Shavu la kulia limeshanyolewa, la kushoto limejaa povu.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Usiniulize kuna nini! Dada Mkubwa, mtu aliyekubeba mgongoni, leo ndiyo unamwita kelele?"

"Nimemwita nani?!"

"Fungua grupu la ukoo ujione mwenyewe. Huna haya hata kidogo!"

Akakata.

Nikafungua grupu. Meseji zimejaa kama foleni ya maji. Wapwa, binamu, hadi shangazi ambaye huwa anatuma maua tu kila asubuhi, leo katuma tusi. Juu ya yote, video, na imetumwa kwa jina langu mwenyewe!

Nikaibonyeza.

Jamani… ni mimi!

Sura yangu. Shati langu la mistari. Kiti changu cha sebuleni, kile kilichochanika mkononi. Natazama kamera vizuri kabisa, na kwa sauti hii hii niliyopewa na Mungu nasema:

"Dada yangu mnamjua wote. Amekaa humu ndani na mimi miaka yote hii… Nimemchoka! Anakula bure. Kelele zake zinaanza watu hawajaamka. Wiki hii aondoke, sitaki kumwona hapa!"

Wembe wa kinyozi ulisimama hewani.

"Mzee," akasema polepole, "dada yako wa damu?"

"Sijasema mimi hayo!"

"Lakini mdomo ni wako."

"Mdomo ni wangu, maneno si yangu!"

Akaniangalia kama mnavyomwangalia mlevi anayeapa kwamba amekunywa maji. Nikavua kile kitambaa shingoni, nikatoka mbio. Nusu ndevu, nusu mtu.

Ngoja niwaeleze mimi ni nani, maana leo kuna wageni wengi humu kwenye ukurasa wangu na wote mmekuja kunitukana.

Mimi ni mstaafu. Maisha yangu yote nimetengeneza lifti za maghorofa. Niliwahi kushusha lifti iliyokwama na bibi harusi ndani yake kwa kutumia mkanda wa suruali yangu, na suruali haikuanguka! Mlionizoea mnajua huwa naweka chumvi kidogo kwenye simulizi zangu. Leo chumvi nimeiacha jikoni. Leo nina hasira, na mwenye hasira hana muda wa kukoleza.

Dada Mkubwa ndiye aliyenilea. Mama alikuwa anatoka kwenda kazini, yeye ndiye aliyekuwa ananiosha, ananilisha, ananichapa. Alipofiwa na mumewe, nilikodi lori, nikaenda kumchukua na vyombo vyake vyote. Nikampa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha kubwa. Na mbele ya ukoo mzima nikasimama, nikagonga kifua:

"Dada yangu hatoki kwangu mpaka mmoja wetu atoke amebebwa!"

Watu walilia. Nilipigiwa makofi. Mpaka leo nikiingia kwenye msiba wa ukoo napewa kiti cha mbele kwa ajili ya kauli ile.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa nakimbia barabarani na povu shavuni? Nilikuwa nakaribia kupoteza vitu viwili kwa asubuhi moja: dada yangu na jina langu!

Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa mlangoni. Mikono kiunoni.

"Umerudi?"

"Mama Watoto, sikiliza…"

"Nisikilize nini tena? Nimeshasikiliza. Ukoo mzima umeshasikiliza. Na hizo ndevu ndiyo mtindo wa watu wanaofukuza ndugu zao?"

Nikampita. Na barazani nikamkuta.

Dada Mkubwa. Amekaa juu ya sanduku lake, mgongo umenyooka kama rula. Amevaa gauni lake la kutokea. Kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Amejipulizia marashi! Nikajisemea moyoni, maskini ya Mungu, anafukuzwa lakini anataka atoke na heshima yake.

Nilipiga magoti. Mimi, mzee mzima, magoti yenyewe yanalia kama bawaba isiyo na mafuta.

"Dada… si mimi."

"Mdogo wangu, nimeona kwa macho yangu."

"Yamekatwakatwa hayo! Pale nilikuwa namsema jogoo!"

"Jogoo?"

"Jogoo wa jirani! Yule anayeruka ukuta kuja kula chakula cha kuku wetu! Wewe mwenyewe ulikuwepo. Kwanza nilikusifu wewe, nikasema umekaa na mimi miaka yote hii na nyumba imepata baraka. Halafu ndiyo nikaingia kwa jogoo. Mtu amekata baraka zote, akakushonea wewe kwenye maneno ya jogoo!"

Akajipangusa jicho na leso.

"Kwa hiyo sasa mimi na jogoo ni saizi moja."

"Dada!"

"Niache, mdogo wangu. Nimeshapiga simu, usafiri unakuja."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa wanaonitaka."

Jamani, neno lile liliniingia kama msumari. Nikainuka. Nikaapa kwamba aliyefanya hivi nitamtafuta mpaka nimpate, na nikimpata atanitambua.

Nikakimbilia kamera yangu, ile ninayorekodia video zangu za nyumbani tangu nistaafu. Nilijua nikipata video yenyewe, ile nzima, kesi imekwisha. Naituma kwenye grupu, kila aliyenitukana anameza tusi lake bila maji.

Nikafungua kile kidirisha pembeni ya kamera.

Hakuna memori kadi! Pamebaki tundu tu, kama pengo la kibogoyo.

Nikawasha kompyuta, ile ambayo grupu la ukoo huwa liko wazi kwa jina langu. Folda ya wiki hii… tupu! Mtu amefagia mpaka vumbi.

Hapo ndipo nikajua huyu si mtu wa nje. Ni mtu anayeijua kamera yangu, anaijua kompyuta yangu, na anaingia humu ndani bila kubisha hodi.

Jina likaja lenyewe.

Mkwe!

Mume wa binti yangu wa kwanza. Anakaa mtaa wa pili, kazi yake ni kutengeneza televisheni na kompyuta. Na mimi na yeye tulikuwa na kisa chetu tangu siku ya kununua kamera.

Siku ile tulikwenda dukani watatu: mimi, yeye, na Dada Mkubwa aliyesema anakuja kunyoosha miguu tu. Mkwe akashika kikamera kimoja chembamba, kinang'aa kama kijiko kipya.

"Baba, chukua hii. Inavuta picha mara mia mbili!"

Nikamgeukia muuzaji. "Inavuta kwa kioo, au inatanua picha tu?"

Muuzaji akakohoa. Mnajua kikohozi cha mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulipenda? Nikaitoa nje mlangoni, nikaielekeza kwenye kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara, nikavuta. Herufi zikageuka matofali! Nikasema hapana, hii sitaki, sura ya mjukuu wangu si ukuta.

Nikachukua nyingine, nene, nyeusi, ina uzito wa kikombe kilichojaa chai. Hii kioo chake kilisogea chenyewe ndani. Nikakisoma kile kibao hadi namba ya simu chini. Nikatembea nayo dukani kote huku narekodi, mikono yangu hii inayotetemeka, na picha ikatulia kama maji ya mtungi. Pembeni ina tundu la kuchomeka maiki. Nikaona hapa ndipo penyewe, maana watu husamehe picha mbaya, ila sauti ikiwa mbaya wanainuka wanaenda zao.

Dada Mkubwa naye akauliza: "Ukiibonyeza, inaanza kunasa hapo hapo, au mpaka mtu awe ameshacheka na kumaliza?"

Muuzaji akamwangalia kwa heshima mpya.

Mkwe akanuna. "Baba, hilo dude la kizamani. Watu watakucheka."

"Wacheke, meno ni yao."

Tangu siku ile hakuwa sawa na mimi. Na kingine: alikuwa ameshaniomba mara kadhaa kile chumba cha nyuma, ati aweke vipuri vyake. Nikamwambia chumba kina mtu. Sasa mtu akifukuzwa, chumba kinabaki kwa nani? Nyie wenyewe jibuni!

Nikampigia simu.

"Njoo hapa sasa hivi!"

"Baba, nina televisheni ya mteja mezani, nimeifungua…"

"Na mimi nitakufungua wewe hapo hapo ulipo! Njoo!"

Alikuja anahema, bisibisi iko sikioni. Sikumpa hata nafasi ya kukaa.

"Kadi yangu iko wapi?"

"Kadi gani, Baba?"

"Usiniite Baba! Mtoto hamkati baba yake maneno akamuunga na jogoo! Nyoka wewe! Nimekupa binti, nimekupa meza yangu ya kulia, ile ya mbao nzito, na bado ukatamani chumba cha mjane!"

"Baba, mimi…"

"Nyamaza! Chumba hupati! Hata nikikaa mwenyewe, nalala huku naamkia kule, wewe hupati!"

Nilimtukana matusi mengine siwezi kuyaandika humu, ukurasa utafungwa. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni kimya. Kimya sana! Mwanamke ambaye kwa kawaida nikipandisha sauti kidogo tu ananirushia mwiko. Ila mimi wakati ule nilikuwa naona nyekundu tu.

Mkwe alisubiri nikaishiwa pumzi. Akasema kwa adabu:

"Naomba niitazame kwanza hiyo video."

"Itazame uone kazi ya mikono yako!"

Akaitazama. Akairudia. Akairudia tena, nyusi zimekunjana.

"Baba… hii mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kukata hivi. Hii imehaririwa vizuri mno."

"Unajisifu?"

"Najitukana, Baba! Ile video niliyotengeneza mwanangu alipotimiza mwaka, hukuiona? Mtoto anainama kupuliza mshumaa, ghafla yuko mlangoni ameshika kiatu."

Ni kweli. Na keki ilikuwa imeshaliwa kabla haijakatwa. Mke wangu akabana kicheko.

"Tazama hapa," Mkwe akaendelea. "Unaposema 'miaka yote hii', picha inatoka usoni kwako, inaenda kwenye kikombe cha chai. Mvuke unapanda. Halafu inarudi kwako, unasema 'nimemchoka'. Kama kikombe kisingekuwepo, kichwa chako kingeruka kama cha kuku, kila mtu angejua hapa pamekatwa. Kikombe kimefunika mruko."

"Ujanja wa kikombe kila mtu anaujua."

"Sawa. Sasa funga macho, sikiliza tu."

Nikafunga macho. Akaicheza.

"Kati ya 'hii' na 'nimemchoka' unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo, Baba! Mimi nikiunga maneno ya mtu, kwenye kiungo sauti inazima, pap, halafu inawaka. Hapa haizimi. Friji linaunguruma, feni inazunguka, barabara kwa mbali… vyote vinaendelea, havikatiki popote. Ni kama mtu alirekodi sebule ikiwa tupu, akaitandika chini ya maneno yako yote."

Nikafumbua macho.

Ndugu zangu… nikavuta kiti. Nikakaa.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Mimi kuhariri video sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kukosea. Na siku moja nikagundua jambo: hakuna chumba kilicho kimya. Kila chumba kina ukimya wake, na ukimya wa jikoni si ukimya wa sebuleni. Ukiunga maneno bila kutandika ukimya wa chumba hicho hicho chini yake, sikio la mtu linagutuka hata kama hajui kwa nini.

Basi nikajiwekea utaratibu. Nikimaliza kurekodi, nasema, "Wote kimya!" Halafu naiacha kamera inase ukimya mtupu, kwa ajili ya kutandika baadaye.

Nani alinivumilia? Wanangu walitoka nje. Mkwe alipiga chafya kila mara, nikamfukuza. Mke wangu aliniambia nimestaafu lifti nimeanza kurekodi hewa.

Mtu mmoja tu alikuwa anakaa na mimi. Anaziba mdomo kwa kiganja ili pumzi yake isisikike. Halafu anakuja kukaa nami kwenye kompyuta, chai mkononi, na kuniambia: "Hapo umekata mapema, hajafunga mdomo. Rudi nyuma kidogo. Hapo! Sasa tandika."

Mtu mmoja tu duniani nilimfundisha kutandika ukimya.

Nilitoka barazani taratibu. Bado amekaa juu ya sanduku, anatazama barabara.

"Dada."

"Abee."

"Ukimya wa sebuleni uliurekodi lini?"

Leso ikasimama hewani. Hakunigeukia.

"Uliusikia?" akauliza.

"Sikuusikia. Ndiyo maana nimejua."

Akakunja leso, akaitia kwenye mkoba. Ilikuwa kavu kabisa!

"Basi nimefanya vizuri," akasema.

Jamani nililipuka!

"Umefanya vizuri?! Umenivua nguo mbele ya ukoo! Mdogo wetu ameniuliza kama mimi ni binadamu! Shangazi wa maua amenitukana! Nimepiga magoti hapa, magoti haya haya mabovu, na wewe unaniangalia tu na leso kavu!"

"Punguza sauti. Majirani."

"Majirani wameshaniona na nusu ndevu, nimebakiza nini cha kuficha? Kwa nini, Dada? Nimekukosea nini?"

Kabla hajajibu, gari likasimama mbele ya nyumba. Dogo, jeupe, limeoshwa mpaka matairi. Akateremka mwanamume wa makamo ya juu, suruali ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate.

Nikamtambua. Na damu ikanipanda upya!

Fundi Suti!

Fundi cherehani, mjane wa kiume, duka lake liko nyuma ya benki. Huyu bwana alishakuja kwangu mara mbili, anajifanya anauliza habari za lifti. Mtu mwenye duka la chini, lifti ya nini? Mara ya kwanza nilimwambia dada yangu ni mgonjwa wa kuambukiza. Mara ya pili nikamwambia usiku anakoroma kama mota ya lifti, na kwamba marehemu mumewe alifariki kwa kukosa usingizi. Akaondoka kichwa chini. Nami nikajipongeza kwa kulinda boma.

"Shikamoo, Kaka," akaniambia. Mtu ananizidi umri!

"Nani kaka yako? Rudi kwenye gari!"

"Harudi," akasema Dada Mkubwa. Na akasimama.

Sasa ndiyo nikaona hasira. Yangu yote ile ilikuwa moshi, moto wenyewe ulikuwa kwake.

"Unaniuliza umenikosea nini? Nilipofiwa ulinichukua. Ahsante, sitasahau. Lakini ulinichukua kama sahani ya maua, ukaniweka juu ya kabati nisivunjike! Nikiomba chumvi, unasimama wewe. Nikienda dukani, unanitafutia wa kunisindikiza. Mtu akija kuniulizia, mimi mwenyewe nipo ndani nina masikio, unamwambia nakoroma!"

"Nilikuwa nakulinda!"

"Na nani? Na mtu aliyenishonea gauni hili bila kunipima, kwa kuniangalia tu nikipita?"

Fundi Suti akaangalia viatu vyake.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilikuambia! Pale mezani nilikuambia nataka kuolewa. Ulicheka mpaka ukapaliwa na chai. Halafu ukawahadithia watu wote kama kichekesho!"

Ile hadithi niliiweka hadi humu kwenye ukurasa. Mliipenda sana.

"Ningesema naondoka kwa hiari yangu," akaendelea, "ungeitisha kikao. Ungegonga kifua tena, watu wangelia tena. Wangeniambia, mama mzima unatafuta nini huko? Mwanamke wa umri wangu akitoka kwa kupenda, ana wazimu. Akifukuzwa, anapewa pole na watu wanambebea sanduku! Nikasema basi, huyu mdogo wangu hatanifungulia mlango kwa mikono yake… acha anifungulie kwa mdomo wake."

Nikamgeukia mke wangu, maana nilihitaji mtu wa kuniunga mkono.

"Mama Watoto, unasikia maajabu haya?"

Mama Watoto akakuna shingo.

"Mimi nilimpigia picha ya kikombe tu," akasema. "Yeye alikuwa ameshika taa."

"Na wewe?!"

"Mvuke ulikuwa unagoma kuonekana. Tulichemsha maji mpaka yakawa mazuri."

Nyumba yangu mwenyewe! Chai yangu mwenyewe!

Mkwe alikuwa mlangoni, bisibisi bado iko sikioni.

"Baba… na yale matusi uliyonitukana?"

"Nitakulipa chumba," nikasema bila kumwangalia. "Chukua uweke vipuri vyako. Na samahani."

"Ahsante, Baba."

"Na ukipiga chafya humo nitakutoa."

Dada Mkubwa akafungua mkoba, akanipa memori kadi yangu, imefungwa kwenye karatasi laini kama kidonge.

"Video nzima iko humu, sijafuta hata neno. Sifa ulizonipa nimezisikiliza mara nyingi. Zilikuwa nzuri."

"Basi irushe sasa hivi kwenye grupu! Safisha jina langu!"

"Nakala ninayo kwenye simu yangu. Nitairusha mwenyewe nikishafika."

"Kwa nini isiwe sasa?"

"Nakujua. Nikikusafisha sasa, utaitisha kikao kabla gari halijakata kona. Acha nifike kwangu, nikae, ninywe chai yangu. Ukiituma wewe kabla yangu, hakuna atakayeiamini, watasema umeihariri."

Na kweli, nani angeniamini? Ukoo mzima unajua nani humu ndani ana kamera, kompyuta na ulimi mrefu. Alikuwa amenifungia kila tundu.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulitupa lile sanduku barabarani. Nikaliinua… likawa zito. Nikajikuta nimelibeba hadi kwenye gari. Fundi Suti akanifungulia buti kwa heshima zote. Nikamwambia:

"Kweli anakoroma."

"Najua, Kaka. Alishaniambia. Mimi pia."

Dada Mkubwa akaingia, akakaa mbele, akashusha kioo. Akanipangusa povu lililokauka kwenye shavu kwa kidole gumba, kama nilipokuwa mtoto. Nikajivuta nyuma. Nilikuwa bado nina hasira, na bado ninayo!

"Harusi ni ndogo tu," akasema. "Uje. Na uje na kamera yako, hakuna anayepiga picha iliyotulia kama wewe."

Kifua kikaanza kujaa. Nikasema, basi angalau.

"Lakini kadi utanikabidhi mimi," akamalizia. "Kuhariri nitahariri mwenyewe."

Kioo kikapanda. Gari likaondoka.

Mpaka naandika hapa grupu bado linanitukana, na Dada Mkubwa bado anakunywa chai yake. Chai gani hiyo isiyoisha?!

Wasomaji wangu, mliokuja kunifundisha adabu, chukueni hili mwende nalo. Video ikionyesha mtu anasema, msiulize tu kama mdomo ni wake. Ulizeni alikuwa anasema nini kabla ya kikombe cha chai. Na nyie mnaowapenda wenu mpaka mnawafungia: mwenye akili hagongi mlango uliomfungia. Atakaa kimya ndani, ajifunze kazi yako yote… halafu atatoka, na dunia nzima itaapa kwamba wewe ndiye uliyemfukuza.